Kadi nzima na kadi iliyokatwa: kuponi kwenye kadi za zamani za besiboli

Kadi ya Willie Mays, nyota wa besiboli wa Marekani, ya mwaka 1952, iliyotoka na tumbaku ya kutafuna ya Red Man, ipo sokoni kwa sura mbili. Moja ina urefu wa sentimita 10.2, nyingine 9.2. Picha ni ileile na rangi ni zilezile. Kinachozitofautisha ni ukanda wa karatasi wa sentimita moja hivi upande wa chini. Ukanda huo, yaani kuponi, ndio unaoamua kama kadi itaitwa nzima au iliyokatwa, na mnunuzi atatoa kiasi gani mfukoni.

Anayeanza kukusanya kadi hizi huchanganyikiwa hapa mapema. Anaona tangazo la mnada lenye neno kuponi, analipa, halafu anapokea kitu kingine kabisa. Sio uzembe wake. Katika historia ya kadi za besiboli za Marekani, kuponi imefanya kazi kwa namna tatu zisizofanana, na kila namna imeacha alama yake kwenye kadi zilizotufikia. Juu ya hapo kuna jina la sigara linalozidisha utata, na ni vizuri tulimalize kwanza.

Kusini mwa Marekani, Louisiana, kulikuwa na sigara zilizoitwa Coupon. Kati ya 1910 na 1919 pakiti zake zilibeba kadi za wachezaji wa besiboli, na wakusanyaji wanazijua kwa namba T213. Herufi hiyo T imetoka kwa Jefferson Burdick wa jimbo la New York, mtu aliyeanza kuchapisha katalogi yake mwaka 1939 na kuzipanga kadi kwa makundi: T kwa kadi za tumbaku za karne ya 20, E kwa kadi za mwanzo za peremende, na kadhalika. Kadi za T213 ni adimu na zina wapenzi wao, lakini hazina kuponi ya kukata wala hazijawahi kuwa nayo. Ukiona tangazo linasema "Coupon" kwa herufi kubwa, chukulia kwamba linazungumzia sigara mpaka picha ikuoneshe vinginevyo.

Sasa kuponi zenyewe.

Namna ya kwanza ni kuponi iliyokuwa kitu cha pembeni, karatasi iliyokaa ndani ya pakiti na kutumwa kwa posta ili mtu aletewe kadi. Mfano mkubwa ni Turkey Red, kadi zinazoitwa T3, za 1910 na 1911. Hizi ni kadi kubwa na nzuri mno, za karibu sentimita 14.6 kwa 20.3, ambazo zisingeingia kwenye pakiti ya sigara hata kwa kukunjwa. Mvutaji alikusanya kuponi 10 za Turkey Red, au 25 za sigara za Old Mill au Fez, akazituma, akaletewa picha ya mchezaji aliyemchagua. Kuponi ilibaki kampuni na kadi ikafika nyumbani ikiwa safi. Hapa hakuna cha kukatwa kwenye kadi, na anayekuuzia T3 "yenye kuponi yake" ama ana karatasi mbili tofauti ama hajui anachouza.

Cracker Jack, bisi za karameli, walifanya jambo linalofanana na hilo mwaka 1915, na matokeo yake yanaonekana hadi leo. Mwaka 1914 walitoa kadi 144, na njia ya kuzipata ilikuwa moja tu: ufungue boksi, uchomoe kadi iliyokaa katikati ya bisi zenye sukari ya kunata. Nyingi zilitoka na madoa. Mwaka uliofuata seti ikaongezwa hadi kadi 176, na kampuni ikaruhusu mtu kuagiza seti nzima kwa kuponi 100, au kwa kuponi moja na senti 25. Kadi zilizokwenda kwa posta hazikugusa karameli kamwe. Ndiyo maana kadi safi za 1915 zinapatikana kwa urahisi zaidi kuliko za 1914, na ndiyo maana Cracker Jack ya 1914 isiyo na doa inagombaniwa vile. Katika kisa hiki kuponi iliokoa kadi.

Namna ya pili ni ya kusikitisha zaidi: kadi yenyewe ndiyo kuponi. George C. Miller, kampuni ya peremende ya Boston, ilitoa kadi 32 mwaka 1933, wachezaji wawili kutoka kila timu kati ya timu 16 za ligi kuu za wakati huo. Aliyekamilisha seti aliituma na kupewa zawadi. Kadi zilirudishwa kwake, lakini zikiwa zimebatilishwa, kwa kutobolewa au kukatwa upande wa chini, ili asizitumie tena. Aliyewahi kupeleka vizibo vya soda dukani kudai zawadi anaelewa mantiki yake: kizibo kilichokwisha kulipwa lazima kiharibiwe. Kwa hiyo kadi ya Miller iliyokatwa chini ina historia ya aina yake. Ilikuwa sehemu ya seti iliyokamilika, na hilo halikuwa jambo dogo, kwa sababu kadi ya Ivy Andrews ilikuwa adimu kupita kiasi. Wakusanyaji wengi wanaamini kampuni iliizuia makusudi ili zawadi zisitoke nyingi. Mwaka mmoja kabla, kampuni ya U.S. Caramel nayo ilitoa seti ya kadi 32 za kubadilishana na zawadi, na kadi namba 16, ya Fred Lindstrom, haikuonekana kwa muda mrefu hivi kwamba watu walidhani haikuchapishwa kabisa. Iliibuka miaka ya 1980.

Namna ya tatu ndiyo inayonivuta mimi, na ndiyo inayoleta ugomvi wa bei: kuponi iliyochapwa kwenye mwili wa kadi, sehemu ya karatasi ileile, ikisubiri mkasi.

Red Man ilikuwa tumbaku ya kampuni ya Pinkerton, ya Toledo, Ohio. Kuanzia 1952 hadi 1955 iliweka kadi za besiboli kwenye bidhaa yake, na huo ulikuwa urejeo wa kadi za tumbaku baada ya miongo mingi ambamo chingamu na peremende ndizo zilizotawala. Seti ya 1952 ilikuwa na kadi 52: wachezaji 25 na meneja mmoja kutoka kila moja ya ligi kuu mbili. Wachezaji walichaguliwa na J.G. Taylor Spink, mhariri wa gazeti la The Sporting News, aliyekuwa na sauti kubwa katika mchezo ule. Mameneja walikuwa Leo Durocher wa timu ya Giants na Casey Stengel wa timu ya Yankees, wale waliokutana kwenye fainali za 1951. Ndani humo kuna Mays, Stan Musial, Ted Williams na Yogi Berra, wamechorwa kwa rangi zilizokolea, na maelezo mafupi ya mchezaji yakiwa mbele kwenye kisanduku badala ya nyuma.

Ukanda wa chini ndio ulikuwa kuponi. Ukikata kuponi 50 na kuzituma, ulipata kofia ya besiboli.

Ziweke namba hizo mbili pamoja. Seti nzima ya 1952 ina kadi 52, na kofia moja ilidai vipande 50. Mtu aliyekuwa na bahati ya ajabu, ambaye hakupata kadi hata moja iliyojirudia, angelazimika kukata karibu seti yake yote ili avae kofia moja. Kwa kawaida kadi hujirudia, kwa hiyo alikata alichokuwa nacho. Na kwa nini asikate? Wakati ule kadi ilikuwa nyongeza kwenye pakiti ya tumbaku, wakati kofia ilikuwa kitu cha kuvaliwa watu wakaona. Hakuna aliyekuwa akifanya ujinga. Mpango wenyewe uliundwa ili kadi nzima zisibaki, na ulifanya kazi yake sawasawa.

Zipo sababu nyingine za kukatwa ambazo hazihusiani na kofia. Kadi ya Red Man ikiondolewa ukanda inakuwa karibu mraba, sentimita 8.9 kwa 9.2, na wengi waliona inapendeza zaidi bila tangazo chini yake. Isitoshe, wakusanyaji wa enzi hizo hawakuwa na macho yetu ya leo. Burdick mwenyewe, baba wa katalogi, alizibandika kadi zake kwa gundi kwenye albamu alipokuwa akizikabidhi kwa Jumba la Makumbusho la Metropolitan mjini New York, kazi aliyoimaliza mwaka 1963, muda mfupi kabla ya kufariki. Mkusanyo wake ulizidi vipande laki tatu. Mtu aliyeipenda karatasi kuliko yeyote aliona gundi ni njia halali ya kuihifadhi. Katika mazingira kama hayo, ukanda wa tangazo ulikuwa uchafu wa kuondolewa.

Kadi nzima tulizonazo leo zimebaki kwa sababu za kawaida tu. Kuna mtu alikusanya vipande 30 akachoka. Kuna ambaye tarehe ya mwisho ilimpita, kwa maana ofa ilikuwa na kikomo na kikomo hicho kimechapwa kwenye kadi. Tarehe hiyo ina faida nyingine kwetu. Kadi za Red Man hazikuandikwa wazi mwaka zilipotolewa, hivyo mkusanyaji hugeuza nyuma, husoma ofa inaisha lini, na kutoka hapo anajua ni toleo la mwaka gani. Ofa ya toleo moja iliisha mwaka uliofuata. Kwa hiyo ukiona 1953 kwenye tarehe ya mwisho, ujue umeshika kadi ya 1952, na usikubali kuuziwa kama ya 1953.

Tukija kwenye bei, linalowachanganya watu zaidi ni alama za hali ya kadi. Kampuni kama PSA, iliyoanzishwa 1991, hukagua kadi, huipa alama kuanzia 1 hadi 10, kisha huifunga ndani ya plastiki ngumu yenye lebo. Alama hiyo inapima kona, kingo, uso na jinsi picha ilivyokaa katikati. Haipimi ukamilifu. Kadi ya Red Man isiyo na kuponi inaweza kupewa alama 7 bila ubishi, na kadi yenye kuponi ikapewa 4, na zote mbili lebo zake zikawa sahihi kabisa. Kwenye lebo, mbali na namba, huandikwa kama kadi ina kuponi au haina, na hesabu za kadi zilizokaguliwa huwekwa mafungu mawili. Anayelinganisha 7 na 4 bila kusoma maneno yale analinganisha vitu viwili visivyo vya jamii moja.

Kuna sababu nyingine inayofanya alama za juu ziwe ngumu kwa kadi nzima. Kona mbili za chini za kadi yenye kuponi ziko kwenye ukanda wenyewe, sehemu inayotokeza, inayojikunja ukiweka kadi kwenye mfuko au ukiifunga kwa mpira. Aliyekata ukanda wake mwaka 1952 kwa mkasi mzuri aliondoa kona zilizochakaa akabaki na mpya. Wakati mwingine kadi iliyokatwa inaonekana safi kuliko nzima kwa sababu hiyo tu. Ukiniuliza mimi, kati ya Mays nzima yenye mkunjo mdogo kwenye kuponi na Mays iliyokatwa inayong'aa, nitachukua ya kwanza bila kufikiri mara mbili. Mkunjo ni umri. Kukatwa ni kupungua, na karatasi iliyopungua hairudi.

Lakini wapo wanaojaribu kuirudisha, na hapo ndipo penye hatari.

Ujanja wa kwanza ni kuunganisha ukanda na kadi. Mtu ana kadi iliyokatwa na kipande kutoka kadi nyingine iliyoharibika, anavigundisha, anasugua mahali pa kiungo. Ukitazama kwa macho matupu kutoka mbele hutaona kitu. Chukua lenzi ya kukuza na taa, uishike taa chini kabisa ili mwanga upite sambamba na uso wa kadi. Karatasi isiyowahi kukatwa haina tuta wala mfereji unaokwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Iliyounganishwa huwa nao, hata uwe mwembamba kama unywele. Kisha tazama ukingo wenyewe kwa ubavu, pale tabaka za karatasi zinapoonekana, uangalie kama zinaendelea bila kuvunjika.

Taa ya urujuanimno nayo inasaidia, ila inaeleweka vibaya. Karatasi za kisasa zina kemikali za kung'arisha zinazowaka rangi ya buluu chini ya taa hiyo, na kemikali hizo zilianza kuenea kwenye karatasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo kadi ya Cracker Jack ya 1915 au ya Miller ya 1933 ikiwaka, una haki ya kuikataa palepale. Kwa Red Man ya 1952 kipimo hicho peke yake hakitoshi, kwa kuwa miaka ile karatasi za aina zote mbili zilikuwa zikitumika. Cha kutazama ni kama kuponi na mwili wa kadi vinaitikia taa kwa namna moja. Karatasi moja haiwezi kuwaka upande mmoja na kufifia upande mwingine, ukiacha athari za madoa na jua.

Ujanja wa pili unahusu kadi zilizokatwa vibaya. Mtoto alipitisha mkasi upandeupande, na miaka mingi baadaye mtu ananyoosha ule mstari kwa kisu kikali au mashine ya kukatia karatasi. Kadi inapendeza, ila imepungua tena. Rula inatosha kumuumbua: ikiwa fupi kwa dhahiri kuliko sentimita 9.2, uliza maswali. Kampuni za ukaguzi zikigundua kadi imekatwa upya au imetengenezwa, hazitoi alama ya namba. Zinaandika kwamba ni halisi lakini imebadilishwa, au zinairudisha.

Na kuna ujanja usiohitaji hata gundi. Muuzaji anapiga picha kadi ikiwa kwenye fremu, ukingo wa chini umefunikwa, au anaikata picha yenyewe pale kuponi inapoanzia, halafu anaandika "hali nzuri sana". Hajasema uongo wowote. Mwombe picha ya kadi nje ya fremu, mbele na nyuma, na rula pembeni. Anayesita, mwache. Nimeona watu wengi wakipigwa changa la macho kwa kuogopa tu kuonekana wasumbufu.

Baada ya Red Man, kadi ninazoziona za kupendeza zaidi katika kundi hili ni za Hires, kampuni ya root beer, soda isiyo na kilevi, iliyoanzia Philadelphia. Mwaka 1958 iliweka kadi kwenye makatoni ya chupa zake. Kila mchezaji anaonekana kupitia tundu la ubao, kana kwamba wewe umesimama nje ya uwanja umechungulia kwenye uzio, kama walivyofanya watoto wa Marekani wasio na pesa ya kiingilio. Seti ina kadi 66, na namba zake ni za ajabu: zinaanzia 10 na kuishia 76, huku namba 69 ikiwa haipo. Mkusanyaji mpya hupoteza muda akitafuta namba 1 hadi 9 za seti hiyo. Asitafute. Humo yumo Hank Aaron, yumo Don Drysdale, yumo Mays, safari hii akiwa wa San Francisco, kwa sababu huo ndio mwaka timu za Giants na Dodgers zilihamia California.

Kuponi ya Hires ni kubwa kuliko unavyodhani. Kadi bila kuponi ina urefu wa sentimita 8.9, na ikiwa nayo inafika 17.8. Yaani nusu ya kilichochapwa ni kuponi, ulimi mrefu wenye umbo la kabari uliomwalika mtoto ajiunge na klabu ya besiboli ya Hires. Fikiria ulimi huo ukikaa kwenye sanduku la viatu pamoja na kadi za Topps, kampuni ya chingamu, za wakati ule. Unatokeza, unakunjika, unachanika. Hata aliyekuwa hana haja na klabu aliukata ili kadi ilingane na wenzake. Ndiyo maana Hires nzima ni shida kuipata kuliko Red Man nzima, na ndiyo maana tofauti ya bei kati ya yenye ulimi na isiyo nao ni kubwa zaidi.

Watu huuliza kama haya yote yanamaanisha pesa nyingi. Mwaka uleule wa 1952 Topps walitoa kadi namba 311 ya Mickey Mantle, nyota wa Yankees, na nakala moja yake iliuzwa Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Red Man haina Mantle katika matoleo yake yote manne, na kukosekana kwake kumezuia bei za seti nzima zisipae. Kwangu hiyo ni habari njema. Mtu wa kipato cha kawaida bado anaweza kukusanya Red Man zenye kuponi, hasa akianza na wachezaji wasio na jina kubwa, na akajenga seti ya 1955 au 1953 polepole. Ukitaka ushauri, chagua mwaka mmoja na uamue mapema kwamba unanunua zenye kuponi tu. Anayechanganya nzima na zilizokatwa huishia kununua kadi ileile mara mbili.

Suala la kuhifadhi lina shida yake pia. Mifuko ya plastiki inayouzwa kwa wakusanyaji imetengenezwa kwa kadi za inchi 2.5 kwa 3.5, kipimo ambacho Topps walikifanya cha kawaida kuanzia 1957. Red Man haiingii humo. Hires inaingia nusu, na ulimi unabaki nje ukijikunja kila ukurasa ukifunguliwa. Zipo fremu ngumu za vipimo vikubwa, na mifuko ya plastiki isiyo na PVC ya ukubwa wa kadi za posta huzitosha Red Man vizuri. Kwa Hires, tafuta mfuko mrefu, weka nyuma yake kadibodi isiyo na asidi iliyokatwa kwa urefu wa kadi na ulimi wake pamoja, ilaze kwenye boksi. Usiisimamishe. Ikisimama kwa ulimi wake, uzito wote unakaa kwenye ile sehemu nyembamba ya kabari, na mkunjo utaanzia hapo.